Umbali kati ya Gitaa na Maikrofoni

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili vinavyotazamana. Kipaza sauti ni kile anachokishika mwimbaji, na kipaza sauti ni lile boksi linalotutoa usingizini jirani anapooza. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu muziki wa dansi, na kadiri ninavyosikiliza rekodi za zamani ndivyo ninavyoamini kwamba nafasi kati ya vipaza sauti hivyo viwili ni sehemu ya historia. Nayo haijaandikwa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Katanga akiimba na kupiga gitaa kavu. Hapo vidole na koo viko kwa mtu mmoja, unatafuta umbali mmoja unaovitosha vyote. Gitaa la umeme ni habari nyingine. Nyuzi zake zenyewe hutoa mlio hafifu. Sauti tunayoijua inazaliwa kwenye spika ya amplifaya. Anayerekodi hasikilizi gitaa, anasikiliza boksi.

Na boksi lina sura nyingi. Ukielekeza maikrofoni katikati ya spika, mlio unakuwa mkali, kila ukucha unasikika. Ukiisogeza pembeni, mlio unakuwa mzito na mpole. Ukiikaribisha hadi sentimita chache, maikrofoni nyingi za studio huongeza besi zenyewe. Ukirudi nyuma mita moja au mbili, unaanza kurekodi chumba: kuta, dari, pumzi za wapigaji wengine. Ukitumia mbili, moja karibu na moja mbali, sauti inachelewa kufika kwenye ile ya mbali, takriban milisekunde tatu kwa kila mita. Zikichanganywa bila uangalifu, baadhi ya milio hufutana na gitaa hukonda.

Sasa ingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, miaka ya 1970. Bendi kama NUTA Jazz ilirekodi kwa kupiga wote pamoja, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Drams, saksafoni, tarumbeta, waimbaji, gitaa la solo, la rithimu na la besi vilikuwa vinagombea hewa ileile. Maikrofoni iliyowekwa mbele ya amplifaya moja ilisikia pia ya jirani. Sauti zilipokwisha kuchanganyika kwenye mkanda, wakati huo hapakuwa na wa kuzitenganisha. Fundi mitambo alikuwa anaamua papo hapo nani atakuwa mbele na nani atakuwa kivuli.

Hilo linabadilisha namna ya kusoma ushahidi. Utamu wa dansi letu uko kwenye magitaa yanayojibizana: solo inapanda, la pili linaziba mapengo, rithimu inashona. Nikisikia solo inang'aa na gitaa la pili limezama, ni rahisi kuandika kwamba mpigaji wa pili alikuwa dhaifu. Huenda amplifaya yake ilikuwa hatua mbili zaidi kutoka kwenye maikrofoni. Sifa tunazowapa magwiji, na ukimya tunaowapa wenzao, vinaweza kuwa vimepimwa kwa futi za sakafu.

Kwetu Tukuyu umbali huo ulikuwa mkubwa zaidi. Bendi ya Rungwe iliyotaka gitaa lake lifike studio ya Dar es Salaam ilikuwa na safari ya takriban kilomita 900. Kwa hiyo ninaporekodi wazee waliopiga magitaa wilayani, mara nyingi maikrofoni yangu ndiyo ya kwanza kusimama mbele ya amplifaya zao.

Mvua ndiyo inayoniamulia mengi. Sehemu hizi hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba zimeezekwa bati. Ukiwa mbali na spika, gitaa linapungua lakini kishindo cha mvua hakipungui. Kwa hiyo nasogea karibu, kwa maikrofoni ya dainamiki aina ya Shure SM57: haihitaji umeme wake wenyewe na inavumilia unyevu. Naiweka kati ya kitovu cha spika na ukingo wake.

Mjomba wangu, ambaye alipiga gitaa la rithimu ujanani, hakuridhika alipojisikia. Alisema gitaa lake halijawahi kuwa peke yake namna ile. Lilisikika siku zote likiwa limezungukwa na watu. Nikaongeza maikrofoni ya pili mlangoni na kuirekodi kando, ili zisichanganywe bila kutaka. Ya kwanza inaonyesha vidole vyake vilifanya nini. Ya pili, pamoja na mvua yake, inaonyesha alipiga mahali gani. Sitaki kuchagua moja kwa niaba ya watakaosikiliza baada yetu.

Ombi langu kwa kila kijana anayewarekodi wazee wake, hata kwa simu, ni dogo. Pamoja na jina na tarehe, andika: maikrofoni ilikuwa ya aina gani, ilikuwa umbali gani na ilielekea wapi, nani alikaa karibu nayo na nani alikaa mbali, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Mistari mitatu inatosha. Bila hiyo, mpigaji aliyekaa kona ya chumba atahukumiwa kwa sababu ya kona.