Okot p'Bitek, Mcheza Mpira Aliyetuachia Lawino

Ukilitaja jina la Okot p'Bitek mbele ya vijana wa Sumbawanga, huenda wakakuuliza anachezea timu gani. Hawatakuwa wamekosea sana. Mganda huyo, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931, aliichezea timu ya taifa ya nchi yake, na ni mpira uliomfikisha Uingereza mwaka 1956. Wenzake waliporudi, yeye alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha Oxford akasomea anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao.

Lakini hakuanza uandishi Ulaya. Mwaka 1953 alikuwa amekwishatoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar, kisa cha kijana anayekwenda mjini kutafuta mahari. Mama yake alikuwa mwimbaji, na Okot mwenyewe aliimba na kucheza ngoma. Alipokabidhiwa jumba la utamaduni la Uganda mjini Kampala, alizipandisha jukwaani ngoma za vijijini. Kazi hiyo ilimponyoka mwaka 1968, akahamia Kenya.

Kilichompa sifa zaidi ni wimbo wa Lawino, mke asiyejua kusoma, anayemlalamikia mumewe msomi, Ocol. Bwana huyo ameona haya kwa mkewe, chakula chao na ngoma zao, akamfuata Clementine mwenye kupaka midomo rangi. Lawino hawachukii Wazungu, la hasha! Kinachomuuma ni mumewe kuyatukana ya kwao.

Hapa Ufipa tunamjua Lawino hata kabla ya kukifungua kitabu. Yuko Msanzi, yuko Matai, yuko Laela. Mwanawe akija na wageni kutoka Dar es Salaam, humnong'oneza: mama, usiseme Kifipa mbele ya hawa. Mama ananyamaza, na nyimbo zote anazozijua zinanyamaza naye.

Kweli, mahali pengine Lawino anatia chumvi. Anailaumu hata saa ya ukutani, na saa haina kosa. Ila ukali wa ulimi wake ndio utamu wenyewe.

Tazama sasa lugha zilivyopangwa foleni. Wimbo huo ulitungwa kwa Kiacholi, lakini kitabu cha Kiingereza kilitoka kwanza, mwaka 1966. Cha Kiacholi kilisubiri hadi 1969. Sisi wa Kiswahili tuliupata mwaka 1975 kwa mkono wa Paul Sozigwa, mtu wa redio wa Tanzania, kwa jina la Wimbo wa Lawino.

Okot alirudi Makerere kufundisha uandishi, na Julai 1982 akafariki dunia akiwa na miaka 51.

Anayetaka kumfahamu aanze na tafsiri ya Sozigwa, tena aisome kwa sauti, maana uliandikwa wa kuimbwa. Akimaliza amsikilize na Ocol, ambaye Okot alimpa nafasi ya kujibu katika kitabu cha mwaka 1970. Bwana yule naye ana hoja zake, ingawa mkewe anamshinda kwa maneno.