Makubaliano ya kukiri kosa (Tanzania Bara)

Makubaliano ya kukiri kosa ni mapatano ya maandishi kati ya upande wa mashtaka na mshitakiwa: mshitakiwa anakiri, na upande wa mashtaka unampunguzia makosa au kuridhia adhabu nafuu. Tanzania Bara iliyapa nguvu ya kisheria mwaka 2019, pale Sheria Na. 11 ilipoongeza vifungu 194A hadi 194H katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kenya iliyaingiza katika sheria zake mwaka 2008.

Kazi ya kila upande

Majadiliano huanzishwa na mwendesha mashtaka, mshitakiwa au wakili wake, wakati wowote kabla ya hukumu. Mwendesha mashtaka anaweza kubadili kosa likawa dogo au kuyafuta mengine, lakini kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP). Mahakama huarifiwa tu, kwani sheria inaikataza kushiriki mazungumzo. Zamu yake hufika makubaliano yanapoletwa kusajiliwa. Hapo mshitakiwa huapishwa na kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba anaacha haki ya shauri lake kusikilizwa kikamilifu, na kwamba rufaa inabaki kwa ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake. Hakimu au jaji asiporidhika kwamba mshitakiwa amekubali kwa hiari, anaweza kuyakataa.

Makosa yaliyotengwa

Makosa ya uhaini na ugaidi hayamo katika utaratibu huu, wala makosa makubwa ya kujamiiana.

Hiari ya aliye mahabusu

Mgawanyo huu wa kazi kati ya mwendesha mashtaka na mahakama ni mzuri kwenye karatasi. Udhaifu wake ni kwamba mahakama huingia mwishoni, wakati uzito wa mizani umeshawekwa na anayeandika hati ya mashtaka. Kutakatisha fedha ni kosa lisilo na dhamana chini ya kifungu cha 148(5) cha sheria hiyohiyo ya mwenendo wa makosa ya jinai, na Mahakama ya Rufani ilikiacha kifungu hicho kisimame mwaka 2020. Kwa hiyo shitaka hilo moja likiongezwa kwenye kosa la kawaida la kodi au la wizi, mshitakiwa hubaki rumande huku shauri likitajwa na kuahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Anayeweza kuliondoa shitaka hilo ndiye huyohuyo anayekaa naye mezani. Mfano ni Septemba 2019, ambapo Rais John Magufuli alishauri watuhumiwa wa uhujumu uchumi wapewe siku saba kutubu na kurejesha fedha. Mwisho wa mwezi DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, alitaja watuhumiwa 467 waliokuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Kiasi hicho kilishangiliwa. Hakionyeshi wangapi walikuwa na hatia na wangapi walikuwa wamechoka.

Watetezi wa utaratibu wanasema unapunguza msongamano magerezani, unaokoa muda na kumrejeshea mwathirika mali yake bila kusubiri miaka. Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa mwenye hatia aliyekiri kwa moyo wake hakuna anayedhulumiwa. Ila faida hizo zinategemea hiari, na hiari haipimwi kwa swali la "umelazimishwa?" ambalo kila anayetaka kurudi nyumbani atajibu hapana. Wengine wanahofia kwamba jaji akichimba zaidi atageuka mshiriki wa mazungumzo. Hofu hiyo inachanganya mambo mawili. Kujadili bei ya kukiri ni kushiriki. Kuuliza mtu amekaa rumande muda gani, upelelezi umefikia wapi, na ushahidi gani unabeba shitaka linalofutwa leo, ni kukagua. Sheria imekataza la kwanza tu.

Hali ya baadaye

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alihoji hadharani ziliko baadhi ya fedha zilizotokana na makubaliano haya. Ukaguzi wa fedha hizo ni wa lazima, lakini hauwezi kushika nafasi ya jaji anayekataa kusajili makubaliano yaliyozaliwa na rumande.