Bixa ya Kwale: Mkulima huuza uzito, kiwanda hununua rangi

JIBINI yenye rangi ya chungwa inayouzwa katika maduka makubwa ya London na Chicago haikuzaliwa na rangi hiyo. Maziwa ni meupe, na jibini inayotokana nayo huwa nyeupe au ya manjano hafifu. Rangi ile iliyokolea hutiwa na mtengenezaji, na mara nyingi chanzo chake ni mbegu ndogo nyekundu ya mti ambao wakazi wa Msambweni, Lunga Lunga na Shimba Hills katika Kaunti ya Kwale wanaujua kwa jina la bixa.

Katika Kiswahili cha zamani mti huo uliitwa mzingefuri, na rangi yake zingefuri. Ni jina zuri ambalo siku hizi limebaki zaidi katika kamusi. Shambani na penye mizani neno linalotawala ni bixa, lililotoholewa kutoka jina la kisayansi, Bixa orellana. Sehemu ya pili ya jina hilo inamkumbuka Francisco de Orellana, Mhispania aliyesafiri katika mto Amazon karne ya 16. Huko Amerika ya kitropiki ndiko asili ya mti wenyewe, na wenyeji waliitumia rangi yake kupaka mwili na kukoleza chakula kabla ya Mzungu yeyote kufika.

Kutoka huko mti ulisambaa katika nchi za joto duniani. Pwani ya Kenya iliupokea vyema, na hadi miaka ya 1990 nchi hii ilikuwa ikihesabiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa zao hilo ng'ambo, ikitanguliwa na Peru. Mbali na Kwale, bixa hulimwa pia Lamu, hasa upande wa Mpeketoni. Kwa miongo kadhaa mbegu za kaunti hizo mbili zilikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kupitia, nao ni kiwanda cha Kenya Bixa kilichojengwa Ukunda, mwendo mfupi kutoka hoteli za Diani.

Tatizo la zao hili, na chanzo cha manung'uniko mengi kuhusu bei, ni rahisi kulieleza ingawa si rahisi kulitatua. Mkulima hutaja bei kwa kilo. Kiwanda cha chakula kilichoko Ulaya au Marekani hakina haja na kilo za mbegu. Kinachohitajika huko ni biksini, yaani ile rangi iliyoko juu ya ganda la mbegu. Sehemu nyingine yote ya mbegu, ambayo ndiyo karibu uzito wote unaopanda mizani, ni mzigo wa kubeba tu.

Kiasi cha biksini hutofautiana sana kutoka shamba moja hadi jingine. Mbegu duni huwa na asilimia 1 au zaidi kidogo. Mbegu bora hupita asilimia 3, na ziko aina zinazozidi hapo. Tuseme wakulima wawili wamepeleka tani moja kila mmoja. Wa kwanza ana mbegu za asilimia 2, wa pili ana za asilimia 3. Tani ya kwanza ina kilo 20 za rangi, ya pili ina kilo 30. Wakilipwa sawa kwa kilo, yule wa pili ametoa nusu nzima ya rangi ya ziada bila malipo. Wala si yeye peke yake anayeumia, kwa kuwa mnunuzi asiyepima hulazimika kuweka bei ya chini kwa wote ili kujikinga na mbegu duni.

Jambo hili si geni katika biashara ya viungo vikavu. Anayenunua vitunguu vilivyokaushwa kwa ajili ya supu za pakiti hujua kwamba karibu asilimia 90 ya kitunguu kibichi ni maji, na kwamba kilo 1 kavu hudai takriban kilo 9 mbichi. Ndiyo maana wenye viwanda hivyo huchagua aina za vitunguu zenye maji kidogo, na hulipia kile kitakachobaki baada ya maji kuondoka. Tofauti ni kwamba kitunguu lazima kikaushwe kwa mitambo ya gharama, ilhali bixa hukaushwa na jua la Mungu. Na hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Vidonge vya bixa, vyenye miiba laini kama ya nungunungu mchanga, huvunwa vinapogeuka hudhurungi na kuanza kupasuka. Huanikwa, kisha hupigwa kwa fimbo ili mbegu zitoke, halafu hupepetwa. Rangi yenyewe ni utando mwembamba ulioshikamana na ngozi ya mbegu. Mwanga na joto huiharibu. Kidonge kikianikwa juani kikiwa kingali kimefunika mbegu, madhara ni kidogo. Lakini mbegu zilizokwisha kupurwa zikiachwa juani siku baada ya siku hupauka, na rangi iliyopotea hairudi. Vivyo hivyo mbegu zikipigwa kwa nguvu mno, utando huchubuka. Lile vumbi jekundu linalobaki kwenye turubai, linaloshika mikono na nguo za akina mama wanaopepeta, ndilo bidhaa yenyewe. Hukung'utwa likaenda na upepo.

Upande wa pili wa hatari ni unyevu. Mvua za masika zikikuta mbegu hazijakauka barabara, magunia huota ukungu ndani, na mbegu zenye ukungu hukataliwa na kila mnunuzi makini. Kwa hiyo mkulima hutakiwa kukausha vya kutosha lakini asipitilize, kisha ahifadhi gizani, penye hewa, magunia yakiwa yameinuliwa kutoka sakafuni. Hata hivyo kuhifadhi nako kuna mwisho. Rangi huendelea kupungua kwa miezi hata ndani ya gunia zuri, na kwa sababu hiyo anayeficha mbegu akingoja bei ipande anaweza kujikuta ana uzito uleule na rangi pungufu.

Kiwandani, mbegu hufuata njia moja kati ya kadhaa. Zikisuguliwa katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, biksini hutoka na kuchanganyika na mafuta. Rangi hiyo hufaa siagi na majarini. Zikioshwa kwa maji yenye magadi makali, biksini hubadilika kuwa nobiksini, ambayo huyeyuka katika maji na kushikamana na protini ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi ya jibini. Njia ya tatu hutumia viyeyushi vya kemikali na hutoa unga mkolezo zaidi, lakini masalio ya viyeyushi hivyo lazima yapimwe. Udhaifu mmoja wa nobiksini ni kwamba hujitenga na kutuama chini inapokutana na asidi, hivyo si kila soda au maji ya matunda yanaweza kutiwa rangi hiyo bila utaalamu wa ziada.

Anayenunua rangi kwa tani huuliza maswali mengi kuliko bei. Hutaka sampuli ipimwe kwa mashine ya maabara inayoonyesha kiasi cha mwanga kinachomezwa na rangi, na kutokana na kipimo hicho asilimia ya biksini hujulikana. Hutaka pia kujua unyevu, takataka, mchanga, dawa za wadudu na vijidudu. Mbegu zinazosafirishwa zikiwa mbegu huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS kabla ya kupakiwa Kilindini.

Ukali huo una historia. Mnamo Februari 2005, zaidi ya bidhaa 400 za chakula ziliondolewa madukani nchini Uingereza baada ya rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, isiyoruhusiwa katika chakula, kugunduliwa katika unga wa pilipili uliotumika kutengeneza sosi. Tangu wakati huo mnunuzi wa kitu chochote chekundu hutaka kujua kilikotoka, hadi kwa kikundi cha wakulima ikiwezekana.

Wakati huohuo mahitaji ya rangi za mimea yamekuwa yakiongezeka. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha matokeo yaliyohusisha mchanganyiko wa rangi kadhaa za viwandani na utundu uliokithiri wa watoto. Kuanzia Julai 2010 Umoja wa Ulaya ulilazimisha vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa kubeba onyo. Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilifuta kibali cha rangi iitwayo Red No. 3 katika chakula, na Aprili mwaka huo ikatangaza mpango wa kuwahimiza watengenezaji waachane na rangi zinazotokana na mafuta ya petroli. Bixa ni miongoni mwa rangi zinazotajwa kujaza pengo hilo, na katika vibandiko vya Ulaya hutambulika kwa alama E160b. Tangu 2020 alama hiyo imegawanywa mara mbili, biksini peke yake na nobiksini peke yake, kwa kuwa viwango vya usalama vya rangi hizo mbili havilingani. Kile cha nobiksini ni cha chini mno.

Isidhaniwe kwamba soko hilo liko wazi bila mpinzani. Maji yanayobaki baada ya jibini kutengenezwa hukaushwa kuwa unga, nao huuzwa kwa watengenezaji wa maziwa ya watoto na vinywaji vya wanamichezo. Wateja hao hutaka unga mweupe, na mabaki ya rangi ya bixa huwaudhi. Baadhi ya watengenezaji wa jibini wamekuwa wakitafuta rangi nyingine kwa sababu hiyo tu. Manjano, pilipili hoho nyekundu na karotini hushindania nafasi ileile.

Ajabu ni kwamba soko la karibu halitazamwi sana. Mabuyu yanayouzwa Mombasa na Ukunda, yale yanayoacha midomo ya watoto ikiwa myekundu, kwa kawaida hutiwa rangi ya dukani. Rangi ya bixa si nyekundu kali kiasi hicho, huelekea chungwa, na huenda mteja mdogo asiridhike. Lakini mikate, soseji, krispi na majarini za Kenya ni suala jingine.

Hapa Kwale wasiwasi mkubwa ni wa mnunuzi mmoja. Wazee wa Msambweni wanaikumbuka Ramisi. Kiwanda cha sukari cha hapo kilipoporomoka mwaka 1988, miwa ilibaki mashambani bila mahali pa kupelekwa, kwa kuwa hakukuwa na mlango wa pili. Bixa ina nafuu kidogo: mbegu iliyokauka husafiri, na gunia linaweza kuvuka Likoni au kupita Dongo Kundu hadi bandarini bila kuoza njiani. Lakini nafuu hiyo humfaa tu mwenye tani za kutosha na mwenye karatasi ya maabara mkononi. Mwenye magunia matatu humuuzia yeyote atakayefika na mizani.

Kisheria, zao hili liko chini ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula, pamoja na pareto na mazao mengine ya viwandani. Pareto yenyewe ni mfano ulio karibu. Kwa miaka mingi mkulima wa pareto wa nyanda za juu amekuwa akilipwa kulingana na kiasi cha dawa kilichopimwa katika maua yake, si kilo za maua pekee. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na malipo yaliyochelewa yaliwafukuza wengi. Hata hivyo kipimo kilikuwapo, na mkulima alijua aina ipi ya kupanda.

Kwa bixa, kipimo cha namna hiyo hakihitaji kufanyiwa kila gunia. Chama cha ushirika kinaweza kuchanganya sampuli za kijiji, zikapimwa mara moja kwa msimu, na bei ikajadiliwa kwa asilimia iliyopatikana. Gharama ikigawanywa kwa tani kadhaa huwa ndogo. La gharama zaidi ni miche, kwani mti uliopandwa kutoka mbegu ya jirani isiyojulikana asilimia yake utasimama shambani miaka mingi ukizaa uzito uleule usio na rangi, na kuung'oa ili kupanda mwingine ni kukaa zaidi ya msimu mmoja bila mavuno.