Wamisionari Vijana na Walimu Wao wa Pwani, 1844–1900

Historia ya umisionari katika pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya watu waliokuja kufundisha, ilhali kumbukumbu za karne ya 19 zinaonyesha kwamba mmisionari aliyeshuka Mombasa, Unguja au Bagamoyo alianza kwa kuwa mwanafunzi, kwa sababu lugha na namna ya kuishi ni mambo mawili ambayo hakuweza kuyapata ila kwa wenyeji. Nani alimfundisha, na katika mji gani, ni maswali yaliyoamua aina ya Kiswahili kilichoingia katika vitabu vyake, na hatimaye aina ya Kiswahili kilichofundishwa shuleni.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, yaani chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza, aliwasili Mombasa mwaka 1844 akiwa na umri wa miaka 34, baada ya kufanya kazi Ethiopia kwa miaka kadhaa. Kwa kuwa alikijua Kiarabu, aliweza kuzungumza na wanazuoni wa mji hata kabla hajakijua Kiswahili, na katika mwaka huohuo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi, yaani hakimu wa sheria ya Kiislamu, aliyeitwa Sheikh Ali. Ushirikiano huo kati ya Mkristo na Mwislamu haukuwa wa ajabu kama unavyoonekana leo, kwani habari za Adamu, Nuhu na Ibrahimu zilikuwa zikijulikana kwa pande zote mbili. Sura za mwanzo za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, na sarufi ya Krapf, iliyotegemea zaidi Kimvita, yaani lahaja ya Mombasa, ilitoka Ujerumani mwaka 1850. Katika maandishi hayo Krapf alitumia herufi za Kirumi, ingawa Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu; uamuzi huo ulirahisisha kuandika irabu tano za Kiswahili, lakini pia uliwatenga wanafunzi wa misheni na hazina ya tenzi na nyaraka zilizokuwa mikononi mwa watu wa pwani.

Kujifunza lugha kulikwenda sambamba na kupambana na homa. Mke wa Krapf, Rosine, na mtoto wao mchanga walifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kuwasili, wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wakati huo haikujulikana kwamba malaria huenezwa na mbu, jambo lililothibitishwa mwishoni mwa karne hiyo, na Wazungu waliamini kuwa homa hutokana na hewa mbaya ya mahali penye majimaji; ndiyo maana walipendelea kujenga vilimani, huku wakitumia kwinini, dawa itokanayo na gome la mti wa Amerika ya Kusini. Imani hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowavuta kwenda Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, ambako Krapf na Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 aliyefika mwaka 1846, walianzisha kituo chao mwaka huohuo. Hata huko hawakujikatia ardhi kwa hiari yao, bali walilazimika kwanza kupata ridhaa ya wazee wa kaya, yaani baraza la wakuu waliosimamia makao ya jadi ya Warabai, na wote wawili walianza ujenzi wakiwa bado wanasumbuliwa na homa.

Rebmann ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake, kwani hakuondoka pwani moja kwa moja hadi mwaka 1875, akiwa tayari amepofuka. Mbali na Kiswahili na lugha ya Warabai, alijifunza lugha ya watu wa Ziwa Nyasa bila ya kufika huko, kwa sababu alipata mwalimu aliyeitwa Salimini, mtu aliyetekwa katika eneo la Malawi ya leo na kuletwa pwani kama mtumwa. Kamusi iliyotokana na mafunzo hayo ilichapishwa mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya kifo cha Rebmann, na inabeba ujuzi wa mtu ambaye biashara ya utumwa ilikuwa imemng'oa kwao.

Unguja mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa na Waanglikana baada ya wito wa David Livingstone, ilihamia huko mwaka 1864 baada ya jaribio lake la kwanza karibu na mto Shire kuvunjwa na vita na maradhi, na Sultani Majid akaikabidhi wavulana watano waliokombolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Wavulana hao walikuwa wametoka bara, hivyo wanafunzi na walimu wao walijifunza Kiswahili katika nyumba moja na kwa wakati mmoja. Edward Steere, aliyefika mwaka huo, alisaidiwa pia na Sheikh Abdul Aziz, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Steere aliisifu kazi hiyo, lakini akaona kwamba lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno kwa watu aliotaka kuwafikia, akaegemea usemi wa kawaida wa mjini. Uchaguzi huo ndio ulioipa sura yake sarufi yake ya mwaka 1870, iliyojengwa juu ya Kiunguja, yaani lahaja ya mji wa Unguja.

Vijana waliofuata walipanua elimu hiyo. Charles Sacleux, padri Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefika mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 23, alikusanya maneno ya lahaja nyingi kwa karibu miaka 20, naye William Taylor wa Mombasa alishirikiana na Mwalimu Sikujua kukusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa. Bila ya kumbukumbu ya mwalimu huyo, sehemu kubwa ya mashairi hayo ingepotea.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vya Steere na warithi wake vilikuwa tayari vimeitengenezea njia lahaja hiyo shuleni, huku Kimvita cha Krapf na Taylor kikibaki pembeni. Majalada ya vitabu hivyo yana majina ya wamisionari pekee, lakini maarifa yaliyomo ni ya kadhi, shehe, mshairi, mtumwa na mtoto aliyekombolewa. Kwa hiyo mtafiti anayefungua kamusi za zama hizo anapaswa kuuliza, kwa kila kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, lilitoka kinywani mwa nani na katika mji gani, kabla ya kulichukua kuwa ushahidi wa Kiswahili chote.