Joto Lizaalo Umeme

Somo letu la leo ni habari ya umeme unaozaliwa na joto, pasipo mtambo wa kuzunguka.

Mwaka 1821, katika mji wa Berlin, mtaalamu Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili zikawa pete, akapasha moto upande mmoja. Mara sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani joto limezaa sumaku. Ørsted wa Denmark ndiye aliyefahamu kwamba umeme ulikuwa ukipita katika pete ile.

Lakini umeme huo ulikuwa haba. Sababu yake mtaiona jikoni. Tieni kijiko cha chuma katika uji wa moto. Punde mpini utawaunguza. Metali hupitisha umeme, lakini hupitisha joto pia, hata pande zote mbili zikakaribia kuwa sawa, na umeme ukafifia. Chungu huzuia joto, lakini huzuia na umeme. Basi kitendawili kilikuwa hiki: kupata kitu kipitishacho umeme kama chuma, na kuzuia joto kama chungu.

Abram Ioffe wa Leningrad alikishughulikia sana kitendawili hicho. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijiji vya Kisovieti visivyo na umeme vilipata taa za mafuta zenye kifaa cha namna hiyo. Taa moja ilitoa mwanga na kuendesha redio.

Mwaka 1954 Waingereza walionyesha ubora wa bismuti iliyochanganywa na teluri. Ila teluri ni adimu, na mchanganyiko huo hauvumilii moto mkali.

Ndipo mwaka 1997, huko Japani, Ichiro Terasaki na wenzake wakaeleza ajabu ya kauri ya sodiamu na kobalti: ni jamaa ya chungu, lakini hupitisha umeme vyema. Kauri za namna hii hutengenezwa kwa kusaga unga, kuuchanganya, kuushindilia na kuuchoma katika tanuri. Mfinyanzi hatashangaa kuiona kazi hiyo! Kobalti nayo ina bei, kwa hiyo wataalamu hujaribu pia zinki.

Hata hivyo, msidanganyike. Vifaa vingi vya aina hii hugeuza chini ya sehemu 10 katika 100 za joto kuwa umeme. Elimu yake imekwisha pita miaka 200. Kinachotafutwa ni kauri iliyo bora na rahisi, ili joto lipotealo bure katika matanuri na majiko lifae watu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.