Nkishi Hukamilika Lini?

Kwa Wasongye wa Kongo, mchongaji alipoweka chini tezo yake, nkishi ilikuwa bado mti mtupu. Aliyeikamilisha ni nganga. Yeye ndiye aliyetia bishimba, yaani dawa zilizotokana na wanyama, mimea na madini, tumboni na kichwani mwa sanamu, kisha akaivika ngozi, shanga na shaba. Ndipo ilipoweza kulinda kijiji au kuombwa uzazi.

Wakusanyaji wa Ulaya walikuwa na kipimo kingine: walithamini umbo. Katika makumbusho mengi zimo mankishi ambazo matundu yake yamebaki wazi, bishimba zimeondolewa. Mtazamaji huziona kazi timilifu. Kwa kanuni ya Wasongye, zimerudi kuwa mti.