Hati, lakini hati ya nini?

Hati ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni mstari au mwandiko. Yaani maandishi tu. Nguvu yake hutokana na neno linalolifuata. Anayenunua mashua ya matanga iliyotumika huko Uingereza, mkono kwa mkono na mwenyewe, asilisahau hilo. Hati ya usajili ya daftari la vyombo vidogo, visivyofika urefu wa mita 24, haithibitishi umiliki hata kidogo. Hutambulisha chombo, basi, na uhalali wake hukoma chombo kinapouzwa. Sehemu ya kwanza ya daftari la meli la Uingereza ni jambo jingine: humo umiliki wa chombo hugawanywa katika hisa 64, na rehani huandikishwa, hivyo mnunuzi aweza kuona kama mashua ina rehani iliyoandikishwa. Kisha kuna hati ya mauzo, inayotiwa saini na muuzaji kumhamishia mnunuzi mali. Hiyo ndiyo ya kushikilia.

Kwa hiyo tangazo linalosema tu “hati zipo” halijasema kitu. Ndugu msomaji, uliza ni hati ya nini, uisome, ndipo utoe fedha.